Chupa ya Mnazi wa Aom

Nakibae alikuwa na sauti ya kusikika hadi kijiji cha pili. Alfajiri na jioni alipanda minazi kugema, na mgema wa kisiwa chetu cha Nonouti akiwa juu sharti aimbe, ili wanawake wanaooga visimani wajue kuna macho kileleni, wajisitiri. Wagema wengine huimba kwa kutimiza wajibu tu, wanakwaruza kama msasa. Nakibae aliimba kweli. Alikuwa na wimbo alioachiwa na baba yake, wimbo mrefu wa beti nyingi juu ya babu aliyekuja na mtumbwi na nazi moja ya mbegu, na alipofika ubeti wa mwisho karara la maua linalotoa utomvu lilikuwa limekwisha kukatwa, limefungwa upya, na chupa inaning'inia mahali pake.

Minazi yake ilikuwa mitano. Miwili ya karibu na jiko ilikuwa ya tembo tamu, lisilolevya, ambalo hata watoto hunywa; mitatu ya upande wa wangwa, uwanda wa tope la pwani, ilikuwa ya tembo kali. Tofauti ya tamu na kali haiko kwenye mti, iko kwenye chupa. Chupa ya tembo tamu huoshwa kila siku kwa maji ya mvua na kuanikwa juani, maana mashapo kidogo tu yakibaki, tembo jipya huanza kuchachuka hata kabla halijateremshwa. Chupa ya tembo kali haioshwi kamwe. Mashapo ndiyo hamira yake. Nakibae alitundika chupa tamu kulia kwa mlango wa jiko na chupa kali kushoto, na kwa miaka mingi mkono wake haukukosea. Katika nyumba nyingine mama hunusa tembo kabla ya kumpa mtoto. Tembo la Nakibae hakuna aliyelinusa. Kulinusa kungekuwa kumvunjia heshima.

Ndiyo maana binti yake Bwena alipopata kazi Tarawa, mji mkuu wetu, mumewe naye akiwa baharini kwenye meli za mizigo, hakusita kumwacha mwanawe Aom kwa babu na bibi. Aom alikuwa msichana wa miaka mitatu, mfupi, mwenye maneno mengi kuliko umri wake. Mnazi mfupi wa nyuma ya jiko ukaitwa mnazi wa Aom. Kila asubuhi bibi yake, Teitia, alilichanganya tembo la mti huo na maji, na Aom alilinywa akiwa amekaa mapajani mwa babu yake, akimhesabia vidole vya miguu na kukosea. Nakibae hakuwa na saa nyingine aliyoipenda kama hiyo.

Sasa tuseme lililo kweli: Nakibae alikuwa mlevi. Hakuna aliyemwita hivyo kwa sababu hakuwa akianguka, na hapo ndipo tulipodanganyika sote. Walevi tuliowazoea walijulikana. Rafiki yake Uriam, kwa mfano, akifika kikombe cha tatu alimlilia marehemu mama yake, cha nne alitafuta mtu wa kupigana naye, cha tano alilala hapo hapo alipokaa. Nakibae alikunywa vyake, akamalizia vya Uriam vilivyobaki, akainuka na kwenda zake wima. Wenzake walimsifu kwamba ana kichwa cha jiwe, naye sifa hiyo aliivaa kama shati jipya.

Mwili ulikuwa unajua. Asubuhi mikono ilimtetemeka hata kisu cha kugemea kikagongagonga shina, mpaka azimue na mafunda mawili matatu, ndipo itulie. Chakula kilikuwa hakina ladha. Miguu ilikuwa imekonda, tumbo limejaa. Usiku alilala kama gogo, halafu alishtuka kabla ya majogoo, jasho linamtoka na moyo unamwenda mbio, bila kujua anaogopa nini. Na zilikuwepo jioni ambazo hazikuwemo kabisa kichwani mwake. Maisha yake mwenyewe alikuwa akisimuliwa na watu. Ilipotokea amemtukana mzee Teatao mbele ya wazee wote katika maneaba, jumba letu la mikutano, kwa sababu ya mpaka wa shamba, alilazimika kuambiwa kesho yake na mkewe. Akabeba mkeka na tumbaku kwenda kuomba radhi kwa maneno ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyasikia.

Teitia hakuhitaji kunusa pumzi ya mumewe. Aliusikiliza wimbo.

"Leo umeuruka ubeti wa mtumbwi," alimwambia siku moja alipoteremka.

"Nimeufupisha. Jua lilikuwa linazama."

"Na ule wa kwanza umeuimba mara mbili."

"Basi umepata nyongeza, mke wangu. Unalalamika nini?"

Teitia hakucheka. Alizichukua chupa mkononi mwake, akazitundika mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Februari. Nakibae alikuwa ameteremsha chupa zote alfajiri, amekwisha kuzimua, amekaa barazani na Uriam, aliyekuwa amepita kuazima wavu akanogewa na mazungumzo. Teitia alimimina kikombe cha Aom, akaongeza maji, akampa. Aom akanywa, akajilamba.

"Leo linauma ulimi," alisema akicheka. "Bibi, nipe jingine."

Teitia alimwongeza, akafurahi kwamba mtoto amekunywa vizuri, akaenda kuendelea na kazi ya kukuna magimbi.

Haukupita muda Aom akaanza kuimba. Aliimba ubeti wa kwanza wa wimbo wa babu kwa sauti ya juu kabisa, alipoumaliza akauanza tena ule ule. Mashavu yalikuwa yamemwiva. Akatoka uani, akamkuta jogoo, akamnyooshea kidole.

"Toka! Mpaka wako kule! Hili shamba letu!"

Uriam alicheka mpaka akashika mbavu. Aom akageuka kuwatazama, akaenda upande, akarudi upande wa pili, akakaa kitako ghafla, akacheka, akainuka, akaanguka tena.

"Mwone anavyomwigiza babu yake," Uriam alisema.

"Mimi sipepesuki," Nakibae alijibu, naye anacheka vile vile.

"Hujioni, ndugu yangu. Wenye kukuona ni sisi."

Nakibae alitaka kumjibu, lakini Aom alikuwa amekwisha kufika, amejitupa mapajani mwake na kuanza kulia bila sababu, uso ameuficha shingoni mwa babu yake. Hapo ndipo harufu ilipompata. Kwanza alidhani ni yake mwenyewe. Akageuza uso pembeni, akavuta pumzi safi, kisha akamwinamia tena mtoto. Harufu ilikuwa ya mtoto.

"Teitia," aliita. "Chupa iko wapi?"

Aliinusa. Chini kulikuwa na mashapo ya vidole vitatu, mazito kama tope la wangwa. Akatazama ukuta wa jiko. Kushoto kwa mlango palikuwa na nafasi moja tupu. Kulia, chupa safi ya mnazi wa Aom ilikuwa bado imetundikwa, kavu, pale alipoiacha Teitia jana mchana. Alikuwa amepanda jioni akaimba, na alikumbuka kabisa kwamba aliimba. Chupa aliyopanda nayo hakuikumbuka.

Aom alitapika, akalala usingizi ambao si usingizi. Walimwita hakuitika, walimfinya hakukunja uso. Ngozi yake ilikuwa baridi na yenye unyevu. Nakibae akamnyakua na kukimbia naye kuelekea zahanati. Alipopita kisima, goti moja lilikubali na jingine likakataa, akayumba, akajishika kwenye mti.

"Nipe mtoto," Teitia alisema nyuma yake.

"Nina nguvu, niache niende..."

"Nipe mtoto, Nakibae. Utamwangusha."

Uriam, aliyekuwa amewafuata, aliinamisha macho. Nakibae akampa. Teitia akakimbia na mjukuu kifuani, na mumewe, mwenye kichwa cha jiwe, akawafuata kwa mbali barabarani, watu wakitoka majumbani kutazama.

Muuguzi wa zahanati yetu aliitwa Mareta, mama mnene mwenye haraka.

"Kala nini?" aliuliza.

"Kanywa tembo," Teitia alisema.

"Kali?"

"Kali."

"Nani kampa?"

Teitia alifungua mdomo. Yeye ndiye aliyemimina, na angeweza kulibeba neno hilo.

"Mimi," Nakibae alisema kutoka mlangoni.

Mareta hakugombeza, hakuwa na nafasi hiyo. Alimlaza Aom ubavu, akamfunika blanketi, akamtoboa kidole kupima damu, akamtundikia maji ya sukari. "Mtoto mdogo hivi, pombe humshusha sukari mwilini mpaka anazimika," alisema huku mikono inafanya kazi. "Na msimlaze chali. Akitapika yatampalia."

Walikaa. Nakibae alikaa sakafuni, akizitazama mbavu za mjukuu wake zikipanda na kushuka, na kila zilipokawia kupanda, zake pia zilikawia. Kuimba kwa sauti ya juu, kurudia ubeti ule ule, kugombania mpaka na jogoo, kulia bila sababu, kuanguka, halafu giza: mambo aliyoyafanya yeye kwa miaka mingi alikuwa ameonyeshwa yote kwa asubuhi moja, katika mwili usiofika kiunoni mwake. Ulevi wake ulikuwa umeanikwa uani kama nguo, kila mtu alikuwa akiuona siku zote isipokuwa yeye. Na alikuwa ameucheka. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwamba alikuwa amecheka.

Alasiri Aom alifumbua macho. "Kichwa kinauma," alisema, akaomba maji. Nakibae alikuwa ameyasema maneno hayo kila asubuhi, kwa sauti ya kulalamika hivyo hivyo. Akatoka nje, akalia huku ameuelekea ukuta.

Mareta alimfuata. "Sasa wewe. Nyoosha mikono."

Ilikuwa inatetemeka kama majani.

"Mtetemeko huu huisha saa ngapi?"

"Nikishapata kidogo."

"Na watu wanakuambia una kichwa kigumu."

"Sijawahi kuanguka, Sista."

"Hicho si kichwa kigumu. Ubongo wako umeizoea pombe, umejipanga kufanya kazi nayo humo ndani, ndiyo maana ukiikosa unahangaika. Ini halizoei. Linabeba tu, mpaka siku litakapokataa."

"Basi naacha leo."

"Ukiacha leo peke yako unaweza kupata degedege ukafa," Mareta alisema. "Utaacha, lakini utakuja kwangu kila asubuhi nikupe dawa nikutazame. Na mtini hupandi mpaka niseme."

Bwena alikuja kwa ndege ya kwanza iliyopata nafasi. Alimkuta mwanawe akicheza uani, mzima, akamshika akamchunguza kama mtu anayetafuta ufa. Kisha akakaa mbele ya baba yake.

"Baba, sikuja kugombana."

"Gombana tu, mama. Ni haki yako."

"Nilipokuwa mdogo nilinusa kikombe cha kila nyumba niliyoingia. Wewe ndiye uliyenifundisha. Hapa tu sikuwahi kunusa."

"Najua."

"Namchukua Aom."

Teitia alianza kulia. Mjukuu aliyepewa babu na bibi hachukuliwi hivi hivi. Kumwondoa ni kukitangazia kijiji kizima kwamba nyumba hii imeharibika. "Watu watasemaje, mwanangu?" aliuliza. "Ngoja hata mwezi mmoja."

"Watasema kilichotokea, mama."

Teitia akamgeukia mumewe, akitegemea atoe sauti ya baba mwenye nyumba. Nakibae alikuwa na neno moja tu alilolitaka duniani, Aom abaki. Hakulisema.

"Mfungie mtoto nguo zake," alimwambia mkewe.

Siku ya ndege kuruka hakwenda uwanjani. Alikaa chini ya mnazi wa Aom, na hakuimba.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Hata kwa dawa za Mareta alitokwa na jasho likalowanisha mkeka, na aliona kaa wekundu wakipanda ukutani, akamsihi Teitia awafagie. Teitia alifagia ukuta mtupu kwa utulivu kabisa, akamwambia wameondoka. Siku ya tatu Uriam alifika na chupa chini ya kwapa.

"Kidogo tu, ndugu yangu, kikutulize," alisema. "Unateseka bure."

Teitia alitokea na ufagio ule ule.

"Shemeji, namhurumia," Uriam alijitetea.

"Kamhurumie kwako."

Alipopata nguvu, kazi ya kwanza aliyoifanya Nakibae ilikuwa kuzizika chupa za kushoto. Ya pili, Mareta alipomruhusu kupanda, ilikuwa kwenda kwenye minazi mitatu ya wangwani, kukata kamba na kuyaacha makarara mapya yachanue, minazi izae nazi kama minazi mingine. Wenzake walimtania. Akipita penye kikao chao mmoja aliinuka na kuvua kofia: "Kaeni vizuri, padri anapita." Uriam alicheka nao, ila akawa hamtazami usoni. Nakibae aliwasalimu akapita. Jioni ilipoingia alikitamani kikombe mpaka meno yakamuuma, na kuna siku alikwenda kukaa kwa Mareta bila kuumwa chochote, ili tu awe mahali ambapo hakuna kitu cha kunywa.

Polepole mwili ulianza kumrudia. Akapata usingizi wenye ndoto. Samaki akawa na ladha ya samaki. Mikono ikatulia, si sana, ila yatosha. Jioni zake zikabaki kichwani, hata zile zisizo na maana yoyote. Lakini si kila kitu kilirudi. Wimbo wa baba yake ulikuwa na mashimo. Aliimba mpaka ubeti wa mtumbwi, akanyamaza huko juu, kisu mkononi, akitafuta neno lisilokuwepo. Kisha akasikia sauti kutoka chini.

Ilikuwa ya Teitia. Alikuwa amesimama penye kisima, uso ameuinua, anaimba ubeti wa mtumbwi neno kwa neno. Alikuwa ameusikiliza tangu alipoolewa. Nakibae akaupokea, akauendeleza, na walipofika kwenye shimo la pili mkewe akamtupia tena. Wanawake kisimani walisema hawajawahi kusikia ugemaji wa watu wawili. Tangu siku hiyo walisikia kila jioni, maana beti hizo mbili hazikumkaa tena kichwani. Zilibaki kwa Teitia.

Krismasi ikafika. Kijiji kizima kilihamia kwenye maneaba kama ilivyo desturi, kila ukoo kwenye nguzo yake, mikeka imetandikwa, chakula na ngoma siku nzima. Bwena alikuja na Aom. Mtoto alikuwa amerefuka, amepata haya ya wageni. Aliwasalimu bibi na babu kwa heshima, akarudi kukaa kwa mama yake. Nakibae hakumvuta.

Asubuhi ya pili alipanda mnazi wa Aom, akateremka, akalichanganya tembo na maji, akaja nalo maneaba katika kikombe kile kile cha zamani. Alichutama mbele ya mjukuu wake, akamnyooshea kwa mikono miwili. Ukoo wote uligeuka kutazama, na wa nguzo ya jirani pia. Bwena hakumwambia mwanawe apokee wala asipokee.

Aom alipokea kikombe. Akakileta puani, akanusa.

Mtu mmoja alikohoa. Teitia alijisikia vibaya kwa ajili ya mumewe. "Aom," alisema kwa sauti ya chini, "huyo ni babu yako."

"Mwache anuse," Nakibae alisema. "Nusa, mjukuu wangu. Nusa vizuri."

Miezi yote ile alikuwa ameota mtoto akipokea kikombe na kunywa moja kwa moja, kama zamani, mbele ya watu. Haikuwa hivyo, na iliuma. Aliona pia kwamba ni haki iume. Aom akanusa tena, taratibu, kama mama anayechagua samaki. Akamtazama babu yake, akanywa chote, akamrudishia kikombe.

"Kingine," alisema.

"Nakuletea," Nakibae alijibu. "Ngoja nikioshe kwanza."